Kutoka "Uhuru na Kenyatta" hadi "Kibaki Tosha"

Mnamo Juni 1958 Jaramogi Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi akasema jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulisema humo ndani: kwamba Jomo Kenyatta na wenzake waliofungwa pamoja naye bado ndio viongozi wa Waafrika wa Kenya. Walowezi wakamzomea. Hata baadhi ya Waafrika wenzake barazani walishtuka, maana jina hilo lilikuwa limefungwa pamoja na Mau Mau, na kulitaja kwa sifa kulikuwa kujitafutia balaa. Lakini jina lilikuwa limekwisha kutoka kinywani. Likaenda mikutanoni, likaenda sokoni na vilabuni, na kabla ya miaka mitatu kupita lilikuwa nusu ya kaulimbiu iliyotikisa uchaguzi wa nchi nzima: "Uhuru na Kenyatta".

Naisimulia historia ya kaulimbiu za Kenya kuanzia hapo kwa sababu moja. Kaulimbiu ya uchaguzi ni ahadi inayotolewa hadharani, na kila ahadi ina mdai na mdaiwa. Tumezoea kuzipima kaulimbiu kwa utamu wake, kwa jinsi zinavyoitikiwa, kwa jinsi zinavyopendeza kwenye fulana na kofia. Mimi nataka kujua nani anamdai nani.

Ile ya 1961 jibu lake lilikuwa wazi. KANU, iliyoundwa mwaka mmoja kabla, iliongozwa kwa muda na James Gichuru, Odinga akiwa makamu wake na Tom Mboya katibu mkuu. Kenyatta mwenyewe alikuwa Lodwar, kwenye joto na vumbi la Turkana, bila ruhusa ya kutoka. Wagombea wa KANU walisimama mbele ya watu wakasema: tupeni kura, nasi hatutaingia serikalini mpaka mzee atoke. Ahadi hiyo mtu angeweza kuipima kwa macho. Mzee ametoka au hajatoka? Wameingia serikalini au hawajaingia?

Uchaguzi wa Februari 1961 ulipomalizika, KANU ilikuwa na viti 19 dhidi ya 11 vya KADU, na kura zake zilikaribia theluthi mbili ya zote. Gavana Patrick Renison akawaambia waunde serikali kwanza, habari za Kenyatta zitazungumzwa baadaye. Walikataa. Sijui mara ngapi katika siasa zetu chama kilichoshinda kimekataa madaraka kwa ajili ya maneno kilichoyasema kwenye kampeni. Hili la 1961 linanisimamisha kila ninapolisoma. KADU ya Ronald Ngala ndiyo iliyokubali kuunda serikali, kwa kuungwa mkono na Wazungu wa chama cha Michael Blundell. KANU ikakaa nje. Kenyatta akahamishiwa Maralal, na Agosti mwaka huo akarudishwa nyumbani Gatundu, huru. Oktoba Gichuru akampisha kwenye uenyekiti wa chama. Mwezi huo huo Mama Ngina, mke wa Kenyatta, alijifungua mtoto wa kiume, naye akaitwa Uhuru.

Miaka miwili baadaye KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963 kwa wingi mkubwa, na tarehe 1 Juni, siku ya Madaraka, Kenyatta akiwa Waziri Mkuu aliwapa Wakenya wito mpya: Harambee. Ulikuwa wito wa wanaovuta mzigo mzito kwa pamoja, na watu waliuitikia kwa vifua vyao vyote. Shule nyingi za sekondari nchini zilijengwa kwa harambee, kwa kuku na mbuzi waliopigwa mnada, kwa shilingi za akina mama wa vikundi. Siwezi kuubeza wito uliosomesha vizazi. Hata hivyo mizani ilikwisha geuka. Katika "Uhuru na Kenyatta" mwananchi ndiye aliyedai na viongozi ndio waliolipa. Katika "Harambee" kiongozi alisimama jukwaani akataja kiasi, na mwananchi akaingiza mkono mfukoni.

Odinga, aliyelibeba jina la mwenzake lilipokuwa sumu, alikuwa Makamu wa Rais. Kufikia Aprili 1966 yeye na Kenyatta hawakuwa wakisikilizana tena juu ya ardhi wala juu ya marafiki wa nje, naye akajiuzulu na kuunda KPU. Chaguzi ndogo za mwaka huo, zilizopewa jina la uchaguzi mkuu mdogo, zilikuwa vita vya wanyama wawili: jogoo wa KANU na dume la KPU. Mwaka uliofuata Odinga alichapisha kumbukumbu zake. Jina alilozipa, Not Yet Uhuru, lilikuwa jibu kwa kaulimbiu aliyoisaidia kuzaliwa. Uhuru bado, alikuwa akisema. Oktoba 1969 Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Katika umati walikuwamo watu waliopaza sauti wakiliita dume. Wazee wawili wakarushiana maneno makali mbele ya wote, vurugu zikazuka, askari wakafyatua risasi, watu wakafa, na watoto walikuwa miongoni mwao. KPU ikapigwa marufuku na Odinga akatiwa kizuizini. Kutoka hapo, kati ya Waluo na Wakikuyu kulikuwa na jeraha ambalo kila mwanasiasa alijua mahali pake pa kulitonesha.

Kenyatta alipofariki Agosti 1978, Daniel arap Moi aliahidi kufuata nyayo zake. Ilikuwa kauli ya kuwatuliza waliokuwa na hofu, na iliwatuliza kweli. Kisha ikaanza kukua. Nyayo ikawa falsafa, na mihimili yake mitatu, amani, upendo na umoja, ikakaririwa na watoto kabla hawajajua kuandika. Kuanzia 1979 wanafunzi wa shule za msingi walipewa maziwa, na maziwa yenyewe yaliitwa maziwa ya Nyayo. Waliosoma wakati huo bado wanaikumbuka ile pakiti ya pembetatu: unakata ncha kwa meno, unanyonya, na mwenye bahati anapata ya pili kwa sababu jirani yake hayawezi. Kulikuwa na mabasi ya Nyayo, wodi za Nyayo hospitalini, mashamba ya chai ya Nyayo, uwanja wa Nyayo, hata gari lililoundwa nchini likaitwa Nyayo. Na katikati ya Nairobi kulikuwa na Nyayo House, jengo refu ambalo raia walipanga foleni ghorofani kutafuta pasipoti, huku chini yake, katika vyumba vya giza vilivyojazwa maji, wakiteswa walimu, wanafunzi na waandishi walioshukiwa kuwa na fikra zao wenyewe.

Nyayo haikuwa kaulimbiu ya kuomba kura, kwa sababu Moi hakuwa na mpinzani wa kumshinda. Ilikuwa kaulimbiu ya kudai utii. Kwenye mikutano ya KANU kidole kimoja kiliinuliwa juu, na asiyekiinua alionekana. Uchaguzi wa 1988 ulipofanywa kwa mlolongo, wapiga kura wakisimama nyuma ya picha ya mgombea wao, sehemu nyingine mstari mfupi ulitangazwa mshindi mbele ya waliokuwa kwenye mstari mrefu. Naamini siku hiyo ndiyo iliyoiua Nyayo, ingawa ilizikwa miaka mingi baadaye. Watu walikuwa wamehesabiwa wakiwa wamesimama, kisha wakaambiwa hawakuwapo.

Upinzani uliporuhusiwa Desemba 1991, FORD ya Odinga, Martin Shikuku na wenzao iliwafundisha watu kuinua vidole viwili badala ya kimoja. Kwa miezi kadhaa vidole viwili vilitosha kusema kila kitu. Kisha FORD ikapasuka. Desemba 1992 Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, huku Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Odinga wakigawana zaidi ya asilimia 60. Odinga alifariki Januari 1994 bila kukalia kiti cha urais. Mwaka 1997 hadithi ikarudiwa: Moi asilimia 40, Kibaki 31, na zilizobaki wakachukua Raila Odinga, Wamalwa Kijana na Charity Ngilu, kila mmoja na chama chake. Upinzani wa miaka hiyo haukukosa kaulimbiu. Ulikuwa nazo nyingi, kila kinara na yake, na hakuna mfuasi aliyekuwa tayari kuitikia ya mwenzake.

Raila, mwana wa Jaramogi, alikuwa amegombea kwa chama cha NDP, ambacho alama yake ilikuwa trekta. Ndipo wafuasi wake wakamwita Tinga. Machi 2002, katika uwanja wa Kasarani, trekta iliingia kwenye banda la jogoo: NDP ikavunjwa na kuunganishwa na KANU, na Raila akawa katibu mkuu wa chama kilichomweka kizuizini kwa miaka. Wengi walimwona msaliti. Yeye alihesabu kwamba Moi anaondoka, katiba ikimzuia kugombea tena, na kwamba ndani ya KANU kuna mlango. Mwishoni mwa Julai Moi akaufunga kwa kumtaja anayetaka amrithi: Uhuru Kenyatta, mtoto yule wa Oktoba 1961, mwenye umri wa miaka 40, aliyeshindwa ubunge Gatundu mwaka 1997 na kuingia Bungeni kwa kuteuliwa. Waliokuwa wakingoja zamu yao wakaasi, wakajiita Rainbow: Raila, Kalonzo Musyoka, George Saitoti aliyekuwa Makamu wa Rais, Joseph Kamotho, William ole Ntimama na wengineo. Upande wa pili Kibaki, Wamalwa na Ngilu walikuwa wamekwisha kuungana chini ya NAK na kumkubali Kibaki kama mgombea wao. Walichojifunza kwa kushindwa mara mbili hakikuhitaji mwalimu.

Tarehe 14 Oktoba 2002 kulikuwa na mikutano miwili Nairobi. Kasarani, wajumbe wa KANU walimwidhinisha Uhuru Kenyatta. Uhuru Park, Rainbow walikuwa wameitisha mkutano wa hadhara, na vinara wa upinzani wakaalikwa jukwaani. Swali lililokuwa kwenye kila mdomo lilikuwa moja: mgombea ni nani? Kalonzo alikuwapo na alitaka. Saitoti alikuwapo, naye alitaka. Simeon Nyachae wa Ford-People alikuwapo akiamini jambo hilo litaamuliwa baadaye, kwa utaratibu. Kibaki alikuwapo, mpole, mzee wa chama cha taa, mchumi aliyewahi kufundisha Makerere, mtu ambaye hakuna aliyemjua kwa kuchemsha umati.

Raila aliposhika kipaza sauti alitamka maneno mawili: Kibaki Tosha. Umati ukayachukua. Wenzake kadhaa wa Rainbow hawakuwa wameafikiana naye juu ya hilo, na nyuso zao zilionyesha. Lakini mtu asimameje mbele ya uwanja uliojaa watu wanaorudia maneno hayo, aseme kwamba jambo bado liko mezani? Mazungumzo ambayo wapinzani walishindwa kuyamaliza kwa miaka kumi, katika hoteli na nyumba za watu binafsi, yalimalizwa na sauti za watu waliosimama juani. Nyachae hakukubali, akaenda kugombea peke yake. Wengine wote wakaitikia, kwa hiari au kwa kukosa njia. Siku nane baadaye muungano wa NARC ukatiwa sahihi.

Nguvu ya maneno yale haikuwa kwenye maneno. Ilikuwa kwa aliyeyasema. Mluo, mwana wa Jaramogi, alisimama hadharani akamtaja Mkikuyu kuwa anafaa kuongoza, miaka 33 baada ya Kisumu. Mwana wa Kenyatta alikuwa upande wa pili, na kura za Mlima Kenya zingegawanyika. Hesabu hiyo Raila aliijua, na aliyedhani ilikuwa ukarimu mtupu hakumjua. Hata hivyo niliowasikia wakiisimulia siku ile hawaanzi na hesabu. Wanaanza na wepesi waliouhisi vifuani.

Kaulimbiu hiyo ilipimwa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Usiku wa tarehe 3 Desemba, Kibaki akirejea kutoka kampeni za Ukambani, gari lake lilipata ajali kwenye makutano ya barabara ya Machakos. Alivunjika mkono na kuumia kifundo cha mguu, akapelekwa London kwa matibabu. Mgombea wa urais alikuwa kitandani ng'ambo na uchaguzi umebakiza wiki tatu. Raila na vinara wengine waliendelea kuzunguka nchi bila yeye, na kila walipofika walilitaja jina, na jina likaitikiwa kana kwamba mwenyewe amesimama pale. Kulikuwa na wimbo wa kanisani ambao watu waliugeuza, wakaingiza jina la Moi ndani yake. Kulikuwa na Unbwogable wa vijana wawili, GidiGidi na MajiMaji, ambao haukutungwa kwa ajili ya NARC lakini ulichukuliwa, ukaimbwa hata na mabibi wasiojua neno lake moja. KANU ilikuwa na helikopta, fedha na dola. Haikuwa na kitu ambacho watu walikisema wenyewe wakiwa matatuni.

Tarehe 27 Desemba Kibaki alipata asilimia 62, Uhuru Kenyatta 31. Uhuru alikubali matokeo. Tarehe 30 Uhuru Park ilijaa hadi watu wakapanda miti. Kibaki aliapa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, shingo imefungwa na mguu umewekwa plasta, na Moi alipoondoka alirushiwa matope. Wiki chache baadaye elimu ya msingi ikawa bila malipo, na zaidi ya watoto milioni moja ambao hawakuwa shuleni wakaingia madarasani. Mwaka uliofuata akaingia pia Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, katika shule ya msingi huko Eldoret, amevaa sare na kaptura, akitaka kujifunza kusoma. Deni hilo lililipwa, na haki itamkwe.

Lakini "Kibaki Tosha" ilikuwa imetaja mtu, haikutaja jambo. Jirani zetu wa Tanzania hutaja jambo: Kikwete mwaka 2005 na ari, nguvu na kasi mpya, Magufuli mwaka 2015 na "Hapa Kazi Tu" dhidi ya "Mabadiliko" ya Lowassa. Mwananchi anaweza kusimama baada ya miaka mitano akauliza kasi iko wapi, kazi iko wapi. Ukiambiwa mtu anatosha, utauliza nini? Masharti ya kutosha kwake yalikuwa kwenye karatasi nyingine, mkataba wa maelewano kati ya NAK na LDP, chama walichokiingia watu wa Rainbow. Watu wa LDP walisema ulieleza kwamba mawaziri watagawanywa nusu kwa nusu na kwamba katiba mpya italeta kiti cha Waziri Mkuu, nacho kitakuwa cha Raila. Waliokuwa karibu na Rais walisema hauna nguvu ya sheria. Wale waliopaza sauti Uhuru Park hawakuwa wameonyeshwa mkataba huo. Walipiga kura kwa maneno mawili na vinara wakabaki na kurasa, na hapo ndipo ninapoiona kasoro ya siku ile, pamoja na uzuri wake wote. Umati ulitumiwa kufunga mapatano usiyoyajua, na mapatano yalipovunjwa haukuwa na kitu mkononi cha kudai.

Uhusiano ukaharibika haraka. Katiba iliyoahidiwa ndani ya siku mia moja ilikwama kwa miaka, hasa juu ya madaraka ya Waziri Mkuu. Serikali ilipopeleka rasimu yake kwenye kura ya maoni Novemba 2005, Tume ya Uchaguzi ilitoa alama mbili za matunda ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua: ndizi kwa wanaokubali, chungwa kwa wanaokataa. Raila, Kalonzo na Uhuru Kenyatta walisimama na chungwa, likashinda kwa takriban asilimia 58. Kibaki alivunja baraza lake lote la mawaziri, na lilipoundwa upya Raila hakuwamo. Baba yake alitoka serikalini 1966 kwa miguu yake mwenyewe, yeye alitolewa. Wote wawili walikuwa wameitia nchi jina la mtu mwingine mdomoni.

Mwaka 2007 Kibaki aligombea na "Kazi Iendelee", na kazi ilikuwapo ya kuonyesha: uchumi ulikuwa ukikua, barabara zikikarabatiwa. Raila aligombea na chama kilichochukua jina lake kutoka lile tunda la kura ya maoni. Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, alipomtangaza Kibaki mshindi tarehe 30 Desemba, na Kibaki akaapishwa jioni ile ile Ikulu, nchi ikawaka. Waliouawa walizidi 1,100 na mamia ya maelfu wakatimuliwa makwao. Katika mitaa ile ile ambako miaka mitano kabla jirani wa kabila moja na jirani wa kabila jingine waliitikia maneno mawili kwa pamoja, watu walikaguliwa vitambulisho kwa ajili ya majina yao.

Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikaa Nairobi zaidi ya wiki tano kuwapatanisha Kibaki na Raila. Tarehe 28 Februari 2008 meza ililetwa nje, mbele ya jengo la Harambee House, na hao wawili wakakaa, Annan na Rais Kikwete wa Tanzania wakiwa kando yao na kamera zikiwaelekea. Safari hii hakuna aliyeupa umati maneno ya kuitikia. Waliweka sahihi hadharani kwenye mkataba ambao maneno yake yalichapishwa magazetini, ukiwa na kiti cha Waziri Mkuu ndani yake. Mwezi uliofuata Bunge liliupitisha kuwa sheria.